Jinsi ya kulisoma soko la dawa za maumivu ya baada ya operesheni bila kuchanganywa na mabilioni

Kuna siku utakutana na ripoti inasema soko la dawa za maumivu ya baada ya operesheni lina thamani ya mabilioni kadhaa ya dola na litakua asilimia kadhaa kila mwaka mpaka mwaka fulani huko mbele, na kama we ni mfamasia, mwanafunzi, mtu wa manunuzi hospitalini au una akiba yako unataka kununua hisa za kampuni ya dawa, utatamani kuanza na ile namba kubwa. Usianze nayo. Iweke pembeni, tutairudia mwishoni, maana ile namba inapima pesa, na kwenye hili soko pesa na maumivu vinapita njia mbili tofauti kabisa. Dawa zinazotuliza watu wengi zaidi zinaingiza hela kidogo sana, na dawa zinazojaza kurasa za ripoti nyingi zinawafikia watu wachache. Ukilishika hilo mapema, mengine yote yatakuwa rahisi.

Anza na mtu aliyelala na mshono

Tume ya jarida la Lancet iliyoangalia upasuaji duniani ilitoa makadirio mwaka 2015 kwamba operesheni kama milioni 313 zinafanyika kila mwaka, na hapo hapo ikasema watu bilioni 5 hawafikiwi na upasuaji salama wanaoweza kuumudu. Sasa jiulize, kila mmoja wa hao milioni 313 anatumia dawa ya maumivu kwa muda gani? Kwa operesheni nyingi maumivu makali ni siku mbili tatu za kwanza, baada ya wiki moja hivi wengi wameshaacha au wamebaki na vidonge vya kawaida. Hapo ndo soko hili linapotofautiana na la presha au kisukari. Mtu wa presha anameza dawa kila siku maisha yake yote, huyu wa mshono unampata siku chache afu basi, kwa hiyo pesa haitoki kwenye muda, inatoka kwenye idadi ya operesheni, dozi kwa siku na bei ya kila dozi. Chukua karatasi uandike hivyo vitu kwa mstari mmoja: operesheni ngapi, mara siku ngapi, mara dozi ngapi, mara bei. Ripoti yoyote ikikupa jumla bila kukuambia hivyo vinne, hujapewa kitu cha kukagua, umepewa jumla tu.

Na angalia operesheni zenyewe ni za aina gani. Goti la bandia linauma kwa namna yake, uzazi wa kisu kwa namna yake, ngiri kwa namna yake, na siku hizi operesheni nyingi mtu anaingia asubuhi jioni yuko nyumbani, maana yake dawa ya dripu inayotaka nesi pembeni inapoteza nafasi na kidonge au ganzi ya muda mrefu inapata nafasi. Hilo badiliko dogo la mtu kulala nyumbani limehamisha pesa nyingi sana kwenye hili soko.

Panga dawa kwenye vikapu, afu weka umri wa kila kikapu

Kikapu cha kwanza ni parasetamoli. Ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1893, ikaja kuuzwa sana miaka ya 1950, leo inatengenezwa na viwanda vingi mno. Cha pili ni dawa za kupunguza uvimbe na maumivu zisizo za steroidi: ibuprofeni iliyoanza kuuzwa Uingereza 1969, diklofenaki, ketorolaki, na ndugu zao wa kundi la koksibu. Cha tatu ni opioidi, yaani dawa za jamii ya afyuni: morfini iliyotolewa kwenye afyuni na mfamasia Mjerumani Sertürner mwanzoni mwa karne ya 19, pethidini ya mwishoni mwa miaka ya 1930, fentanili ya Paul Janssen ya mwaka 1960, na tramado iliyoingia sokoni Ujerumani 1977. Cha nne ni ganzi, lidokeini iliyoanza kuuzwa 1948 na bupivakeini iliyotengenezwa 1957. Kuna na kikapu cha pembeni chenye ketamini, gabapentini na deksamethasoni ambazo madaktari wa usingizi wanazichanganya humo, sitakaa sana hapo.

Ona hizo tarehe. Karibu kila kitu cha maana kwenye kutuliza maumivu ya mshono ni cha zamani, patenti zake (haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake) zilishakufa, ni jeneriki, yaani viwanda vingine vinaitengeneza, bei iko chini. Kwa hiyo kampuni inayotaka faida kubwa humu ina njia tatu tu za kupita, ama ilete molekuli mpya kabisa, ama ichukue molekuli ya zamani iibadilishie njia ya kuingia mwilini, ama iifungashe ya zamani ikae mwilini muda mrefu zaidi. Ukisikia bidhaa mpya imetangazwa, kitu cha kwanza kabisa ni kuuliza imepita njia ipi kati ya hizo.

Parasetamoli ya dripu ni mfano mzuri wa njia ya pili, molekuli ni ile ile ya kidonge. Marekani iliitwa Ofirmev, FDA, mamlaka ya dawa ya huko, iliipitisha Novemba 2010 mikononi mwa kampuni ya Cadence, mwaka 2014 Mallinckrodt wakainunua Cadence kwa kama dola bilioni 1.3, na muda si mrefu bei ya kichupa ikapanda zaidi ya maradufu. Hospitali nyingi zikabana matumizi, famasia zikaweka masharti kwamba mgonjwa anayeweza kumeza apewe kidonge, na hawakukosea, maana mtu anayemeza vizuri hapati faida kubwa ya ziada kwenye dripu kulinganisha na kidonge. Jeneriki zilivyoingia hali ikabadilika. Kwenye ripoti ya soko ya miaka ile ungeona parasetamoli "inakua", wakati kilichokua kwa sehemu kubwa ni bei.

Njia ya tatu mfano wake ni Exparel ya kampuni ya Pacira. Ni bupivakeini ile ile imewekwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta ili itoke taratibu, FDA iliipitisha Oktoba 2011, na kichupa kimoja kinauzwa mamia ya dola wakati bupivakeini ya kawaida ni dola chache tu. Mauzo yake yamepita dola milioni 500 kwa mwaka. Mwaka 2021 jarida la Anesthesiology lilichapisha uchambuzi uliosema faida yake juu ya bupivakeini ya kawaida ni ndogo, Pacira wakaenda mahakamani kuwashtaki, mahakama ikaitupa kesi mwaka 2022. Sisemi dawa haifai, kuna madaktari wanaoipenda na kuna operesheni inakofanya kazi nzuri, nasema ukisoma hili soko lazima usome na marafiki na wapinzani wa kila bidhaa, sio brosha peke yake.

Tengeneza jedwali la safu mbili

Mi huwa nafanya hivi, safu ya kushoto naandika dawa kwa idadi ya wagonjwa wanaoipata, safu ya kulia naandika dawa zile zile kwa pesa zinazoingiza. Hata ukiwa huna namba kamili panga tu kwa mfuatano unaoujua. Kushoto juu utakuta parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki, morfini, tramado, bupivakeini ya kawaida. Kulia mfuatano unageuka, zenye jina la biashara zinapanda, za bei rahisi zinashuka mpaka zingine hazionekani kabisa. Nafasi iliyopo kati ya safu hizo mbili ndo soko lenyewe, pale ndo utaelewa kampuni zinakimbilia wapi na kwa nini hakuna anayetangaza morfini.

Na bei kuwa chini ina hatari yake ambayo watu hawaiangalii mpaka imetokea. Dawa ya sindano ya bei rahisi inatengenezwa na viwanda vichache kwa sababu faida ni nyembamba na usafi unaotakiwa ni mkubwa, kiwanda kimoja kikipata shida hakuna wa kuziba pengo haraka. Mwaka 2018 Marekani yenyewe, nchi yenye pesa zote zile, iliishiwa sindano za morfini, hidromofoni na fentanili, sehemu kubwa kwa sababu ya matatizo kwenye uzalishaji wa Pfizer, na hospitali zikawa zinagawana kichupa kwa kichupa. Kwa hiyo ukiwa mtu wa manunuzi usiulize bei tu, uliza watengenezaji ni wangapi na malighafi inatoka wapi. Morfini halali ya dunia inaanzia kwenye mipopi, mimea ya afyuni, inayolimwa kwa kibali sehemu chache kama Tasmania, Uturuki, Hispania, Ufaransa na India, hiyo sio orodha ndefu.

Soma nguvu ya dawa kabla ya kusoma mauzo yake

Hapa ndo naomba utulie, watu wengi wanaruka. Watafiti wanalinganisha dawa za maumivu ya baada ya operesheni kwa kipimo kimoja rahisi, wanauliza wagonjwa wangapi wapewe hii dawa ndo apatikane mmoja wa ziada aliyepungukiwa maumivu kwa angalau nusu, kwa saa 4 mpaka 6, ukilinganisha na waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Namba ikiwa ndogo dawa ina nguvu. Kwenye uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, ibuprofeni miligramu 400 iko kama 2.5, parasetamoli miligramu 1000 iko kama 3.6, kodeini peke yake miligramu 60 iko kama 12. Afu chukua ibuprofeni 200 na parasetamoli 500 kwa pamoja, inafika kama 1.6. Vidonge viwili ambavyo ni karibu vya bei rahisi kuliko vyote vikiungana vinashinda vingi vyenye jina kubwa, na mi kila nikiona hiyo namba naumia kidogo nikikumbuka nilivyolala na mshono wangu usiku kucha nasubiri sindano moja ya zamu, hakuna aliyefikiria kunipa hivyo viwili kwa saa maalum.

Ila kuna tahadhari. Nyingi ya hizo tafiti zimefanywa kwa watu waliong'olewa gego la mwisho, kwa hiyo usizibebe namba kama zilivyo ukazipeleka kwenye operesheni ya kifua. Kila ukisoma tafiti ya dawa mpya uliza maswali mawili, walipasuliwa nini, na ililinganishwa na nini. Kushinda kidonge kitupu ni jambo moja, kuishinda dawa ambayo tayari iko kabatini ni jambo lingine.

Jaribu maswali hayo kwa suzetrijini, inayouzwa na Vertex kwa jina Journavx. FDA iliipitisha tarehe 30 Januari 2025, na ni habari kubwa kweli kwa sababu ni aina mpya kabisa, inaziba mlango mmoja wa sodiamu kwenye mishipa ya fahamu ya nje ya ubongo, haigusi sehemu zinazoguswa na opioidi, kwa hiyo haitegemewi kumletea mtu ule uteja. Walipasuliwa nini? Tafiti mbili kubwa, moja watu waliokatwa ngozi ya tumbo iliyolegea, nyingine walionyooshwa mfupa wa kidole gumba cha mguu. Ililinganishwa na nini? Na kidonge kitupu, ikashinda, na pia na mchanganyiko wa haidrokodoni na parasetamoli, hapo haikuushinda. Bei ya orodha ilipoanza kuuzwa ilikuwa dola 15.50 kwa kidonge cha miligramu 50, unameza viwili kwa kuanzia afu kimoja kila baada ya saa 12, yaani kama dola 31 kwa siku. Weka hizo dola 31 pembeni ya vidonge vile viwili vya jeneriki na utaelewa mjadala wote unaoendelea. Kwa mtu ambaye hawezi kutumia dawa za kundi la ibuprofeni kwa sababu ya figo au vidonda vya tumbo, na ana hofu ya opioidi, bei hiyo inaweza kuwa na maana sana. Kwa mwingine yeyote inabidi mtu aeleze vizuri analipia nini.

Tafuta anayechagua na anayelipa

Kwenye soko la kawaida mnunuzi anachagua, analipa na anatumia. Hapa ni watu tofauti. Mgonjwa anatumia akiwa hata hajaamka vizuri, daktari wa usingizi au mpasuaji anachagua, kamati ya dawa ya hospitali inaamua nini kiwepo kwenye orodha, na bima au serikali au familia inalipa. Bidhaa inaweza kumpendeza mmoja ikafia kwa mwingine. Anjeso, meloksikamu (dawa ya kundi la ibuprofeni) ya dripu ya Baudax Bio, ilipitishwa Februari 2020, mwisho wa 2022 kampuni ikaacha kuiuza. Olinvyk ya Trevena, opioidi mpya ya sindano, ilipitishwa Agosti 2020, nayo mauzo yalikuwa hafifu mpaka ikaachwa. Zote mbili zilipita kwa FDA, zilikwama kwenye kamati za hospitali ambako ketorolaki na morfini za bei ndogo zilikuwa zimekaa tayari, na kuingia sokoni mwaka ule wa korona operesheni zikiwa zimeahirishwa kila mahali kulizidi kuwaumiza.

Kwa hiyo usiishie kwenye "imepitishwa". Fuatilia malipo yanaendaje. Marekani Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, kwa muda mrefu ililipa operesheni kwa furushi moja, dawa ya maumivu ikiwa humo humo, maana yake hospitali ikichagua dawa ghali inakula hasara yenyewe. Sheria inayoitwa NOPAIN, iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, imetoa baadhi ya dawa na vifaa visivyo vya opioidi nje ya furushi vilipwe kivyake kwa operesheni za mtu asiyelazwa. Mstari mmoja wa malipo kama huo unaweza kusogeza mauzo kuliko tafiti tatu nzuri.

Usisahau wanaoumia bila kuonekana

Hili ndo linaloniuma kuliko yote. Ripoti ya soko inahesabu mahitaji kwa kilichonunuliwa, kwa hiyo mtu aliyepasuliwa akakosa morfini anahesabika kama hakuihitaji. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya morfini ya dunia inakwenda nchi za kipato cha juu. Morfini iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo tangu orodha ya kwanza ya 1977, ni rahisi, haina patenti, na bado haifiki. Sababu moja ni Mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya, kila nchi inapeleka makadirio yake kwa bodi ya kimataifa, INCB, na nchi ikikadiria kidogo mwaka huu itaagiza kidogo, mwakani itaangalia ilichotumia itakadiria kidogo tena. Ongeza hofu ya madaktari, makaratasi, na kwamba faida ni ndogo kiasi kwamba hakuna msambazaji anayeisukuma. Ukikuta kwenye ripoti eneo fulani "mahitaji ni madogo", rudi kwenye idadi ya operesheni za eneo hilo, gawanya, uone kama kweli watu hawaumwi huko.

Na kila nchi ina orodha yake, usichukulie kwamba dawa ni ile ile kila mahali. Metamizoli ilitolewa sokoni Marekani mwaka 1977 kwa ajili ya hatari ya kushusha chembe nyeupe za damu, lakini Ujerumani, Hispania na Brazil inatumika sana mpaka leo. Parekoksibu inachomwa hospitali za Ulaya, Marekani haijawahi kupitishwa.

Weka hatari kwenye hesabu

Vioxx ya Merck, dawa ya kundi la koksibu, ilikuwa inaingiza kama dola bilioni 2.5 mwaka 2003, tarehe 30 Septemba 2004 ikaondolewa kwa sababu ya moyo na kiharusi. Ketorolaki ina ukomo wa siku 5, kwa hiyo mtu akikuonyesha makadirio ya matumizi ya wiki mbili hajui anachoongea. Kodeini FDA iliikataza 2013 kwa watoto wanaotolewa tonsili, na 2017 kwa watoto wote chini ya miaka 12. Na opioidi za kwenda nazo nyumbani, baada ya wimbi la uteja lililotokea Marekani na OxyContin, opioidi ya vidonge, madaktari wamepunguza idadi ya vidonge wanavyoandika. Kila moja ya hizo ni mauzo yaliyohama kutoka kikapu kimoja kwenda kingine.

Sasa irudie ile namba kubwa. Uliza wamehesabu nini humo, vidonge vya dukani vimo au ni hospitali tu, ganzi imo, ni bei ya orodha au iliyolipwa kweli baada ya punguzo. Afu kagua ukuaji kwa mkono, asilimia 7 kwa mwaka kwa miaka 10 ni karibu mara mbili, je operesheni zitakuwa mara mbili? Kama hapana, kilichobaki lazima kitoke kwenye bei, na bei lazima itoke kwenye bidhaa chache zenye patenti na mtu wa kuzilipia. Ile NOPAIN kwa mfano imewekewa mwisho tarehe 31 Desemba 2027, kwa hiyo kama makadirio uliyoshika yanapita hapo, angalia walioyaandika wameweka nini kwa mwaka 2028.